Joto la Chupa

Mtu akikwambia kwamba hapa Mombasa pana mahali ambapo binadamu anaweza kufa kwa baridi, utamtazama mara mbili, kisha utamuuliza kama amekunywa. Mji huu hata maji ya mfereji, siku yakitoka, maana wenye mifereji nao wana mambo yao, hutoka yamepata moto. Kuta za Mji wa Kale zashika jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Nani afe kwa baridi?

Lakini mahali hapo papo. Pako Shimanzi, katikati ya magodauni na yadi za makontena, nyuma ya geti la buluu. Ni stoo ya samaki. Nje malori yamepanga foleni, madereva wamevua mashati, lami inanata viatuni. Ndani, nyuma ya mlango mnene kama ukuta, kuna chumba ambacho nambari nyekundu juu yake husema kumi na nane, na mbele ya nambari kuna kijistari kidogo. Kijistari hicho ndicho chenye maneno. Makuli walikibatiza chumba hicho Ulaya. "Nani yuko Ulaya?" "Mimi nimerudi sasa hivi, wazungu wawasalimu." Ndivyo walivyotaniana.

Kiti wa Karisa, Mgiriama wa Kaloleni, alikuwa amepakua na kupanga samaki humo Ulaya tangu mkewe yu hai. Sasa mkewe hakuwepo, na yeye alikuwa bado anapanga samaki.

Sheria ya kazi ilisema kila anayeingia avae koti zito. Makoti yalikuwepo, usiseme hayakuwepo. Siku stoo ilipofunguliwa, waheshimiwa walikuja na wapiga picha, wakavalishwa makoti mapya, wakacheka, wakatoka jasho, wakaenda zao. Baada ya siku hiyo hakuna mkubwa aliyeyatazama tena. La Kiti lilikuwa halina zipu, alilifunga kiunoni kwa kipande cha kamba kama gunia la mkaa. La mwenzake lilikuwa na kwapa zilizopasuka hadi mbavuni. Ukipeleka malalamiko unaambiwa bajeti. Bajeti hiyo haijawahi kuonekana na mtu, lakini kila ukiitaja haja yako, yenyewe imeshapita.

Basi makuli wakajitafutia koti lao la ndani. Dishon, aliyekuwa mkongwe wa kazi kuliko wote, alikuwa na kichupa cha soda kilichotiwa chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Kabla hamjavuka mlango, mnajibanza nyuma ya kontena bovu, Dishon anamimina kwenye kizibo, mmoja baada ya mwingine. Wakaita kuwasha jiko. Asiyewasha jiko hapangwi na mtu, huyo ajitakia maradhi. Na mtu asikudanganye kwamba haifanyi kazi: ukiimeza, kifua kinashika, uso unashika, masikio yanashika. Unaingia Ulaya umetanua mabega kama bwana harusi.

Kiti naye alikuwa na sababu zake za kuipenda.

Mkewe, Mapenzi, alifia hospitali, wakati wa ule mgomo ambao kila mtu alikuwa na haki isipokuwa mgonjwa. Madaktari walikuwa na haki yao, serikali ilikuwa na haki yake, na Mapenzi aliambiwa angoje kwenye benchi. Akangoja. Alikuwa mwanamke wa kungoja, hakuwa mwanamke wa makelele. Akafa akingoja, kichwa kimeegemea ukuta, watu wakidhani amelala.

Tangu hapo Kiti akawa na ugomvi na kila mwenye cheo. Na waziri alikuwa nao, na wakubwa wa kaunti alikuwa nao, na tajiri mwenye stoo ambaye haonekani alikuwa nao. Lakini waziri yuko mbali, na tajiri yuko mbali zaidi. Aliye karibu alikuwa Hussam Muhdhar, msimamizi, kijana wa Ndia Kuu aliyekaa ofisi ya kioo karibu na mizani. Kijana kwa Kiti, lakini ndevu zilikwishaanza kuchanganya mvi. Hussam ndiye aliyekula matusi ya wote. Kila Kiti alipotoka Ulaya, kabla hata hajafuta pua, alisimama mbele ya kile kioo na kutoa mahubiri yake.

"Nyinyi mnaokunywa kahawa! Zipu ni shilingi ngapi? Mwenyezi Mungu kaumba bahari nzima, nyinyi kununua zipu mwashindwa!"

Hussam alikuwa akiinua kikombe chake upande wa pili wa kioo, kama mtu anayejibu salamu. Hilo lilimuudhi Kiti kuliko kama angejibiwa.

Na nyumbani, yaani kile chumba alichopanga nyuma ya Ndia Kuu, chini ya roshani iliyoliwa na mchwa, jiko halikuwashwa tena. Sembe ya mtu mmoja inapikwaje? Ukitia maji kidogo inaungua, ukitia mengi unakula peke yako hadi kesho na kesho kutwa, ukiutazama ule ukoko kama unakudai. Kiti alipotoka kazini alivuka kwenda mangweni, akakaa na kibuyu na mrija, akanywa mnazi hadi tumbo likajaa, akarudi kulala. Alijiambia ameshakula. Mnazi si umetoka mtini? Si una utamu? Si unashibisha? Mshipi wake ulikuwa ukipata matundu mapya ya msumari, lakini mtu hatazami mshipi wake mwenyewe.

Aliyeutazama alikuwa Nanjala, mama wa mizani, Mbukusu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mzee Kiti, umekula?"

"Nimekunywa."

"Sikukuuliza hilo."

"Basi umeuliza swali baya. Waulize walioko madarakani wamekula nini, watakujibu vizuri."

"Mimi nakuuliza wewe. Shati hilo sasa linavaliwa na upepo."

Kiti alikuwa akicheka kwa pua na kwenda zake. Hakuona kwamba ana jambo. Alijiona mtu mkavu, mgumu, asiyehitaji kitu cha mtu. Kumbe alikuwa akiisha, taratibu, na kila aliyemtazama vizuri aliona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kontena lilikuwa limetoka bandarini limejaa samaki wa nchi za nje, na jua lilikuwa kali hata paka walikuwa wamejificha chini ya malori. Kiti alipangwa na Dishon. Nyuma ya kontena bovu, Dishon alimimina kizibo, akamtazama mwenzake, akaona mifupa ya shingo, akamhurumia.

"Wewe mzee huna nyama ya kukukinga. Ongeza."

Kiti akaongeza. Akaongeza tena. Kwa siku mbili nzima hakuwa ametia kitu cha kutafuna mdomoni. Ile chang'aa ikashuka kwenye tumbo tupu kama makaa yaliyomwagwa, akasikia joto hadi kwenye nywele. Wakaingia.

Kuna sheria nyingine ya Ulaya ambayo haikuandikwa na mkubwa yeyote, makuli wenyewe waliiweka: waingiao wawili, hutoka wawili. Lakini gurudumu la troli likakwama na barafu. Dishon akasema, "Nalitoa nje nilipige nyundo, sikawii," akalisukuma, mlango ukajifunga nyuma yake kwa uzito wake. Alipofika nje, dereva wa lori akamshika aje asaidie kusukuma paleti iliyolala. Dishon akaenda kusaidia. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna ubaya hapo. Aliamini mwenzake amewasha jiko, ana muda.

Kiti alibaki akipanga maboksi. Mwanzo alikuwa akitetemeka kidogo, meno yakigongana. Kisha kutetemeka kukaisha. Akafurahi. Akasema moyoni, leo jiko limeshika sawasawa. Vidole vilikuwa vimekataa kukunja lakini havikuuma. Halafu joto likaja, joto la ajabu, kama mtu aliyekaa karibu na tanuri la mikate ya mofa. Akaona ile kamba kiunoni inambana. Akahangaika nayo kwa viganja, ikafunguka, akalivua koti, akalitundika vizuri juu ya maboksi kama mtu aliyefika kwake. Akakaa chini, mgongo kwenye samaki. Moshi wa pumzi yake ulikuwa mwembamba, ukawa mwembamba zaidi.

Akili yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Alimfikiria waziri, hakupata hasira. Akamfikiria tajiri, hakupata hasira. Kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa na mtu wa kumlaumu, na aliona raha tupu. Akafumba macho kidogo tu, apumzike.

Yaliyotokea nje Kiti alikuja kuyasikia baadaye kwa Nanjala, ambaye mpaka leo huyasimulia kila akipata sikio.

Hussam alikuwa ofisini, kahawa yake imeletwa, kaishika, hajainywa. Akatoka mlangoni, akasimama, akasikiliza kama mtu anayetafuta harufu ya gesi.

"Nanjala, mbona leo kumetulia?"

"Kumetulia wapi, bosi, na malori haya yote?"

"Kumetulia. Sijatukanwa. Tangu kahawa ije sijatukanwa. Yuwapi Kiti?"

Nanjala akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Akamwona Dishon kule kwenye lori, na troli iko pembeni, tupu. Akaita kwa ile sauti yake, "Dishoooon! Mwenzako yuko wapi?" Dishon akashika kichwa.

Hussam hakungoja kuvaa koti. Aliingia Ulaya na shati lake la mikono mifupi na kofia yake ya vito, akatoka akimburuta Kiti kwapani. Mzee alikuwa mweupe midomo, na alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu, asema Nanjala, ndilo lililomtisha. Hakuwahi kumwona akitabasamu.

Makuli wakakusanyika. Na sasa tazama mambo: kila mmoja alikuwa na kichupa au alijua kilipo. Dishon, machozi yanamtoka, akapiga magoti na chupa yake.

"Mfungueni mdomo! Tumwashie jiko! Na mwingine ampake kifuani!"

Hussam akaipiga ile chupa teke, ikaenda kupasukia ukutani.

"Mwamuua!"

"Bosi, hiyo ndiyo dawa yake!"

"Hiyo ndiyo iliyomlaza! Nimekaa meli ya uvuvi, kusini huko kwenye bahari za barafu, nimemwona mtu akitiwa hiyo dawa yenu. Tulimzika majini na joto lake. Mtoeni nde! Juani! Polepole, si gunia hilo!"

Wakamtoa yadini. Zile nguo zilizoshika barafu zikavuliwa. Wakamlaza juu ya magunia makavu, mahali ambapo siku nyingine mtu hangeweza kuweka unyayo kwa moto. Nanjala akafungua leso yake ya begani akamfunika, akaleta na nyingine ya akiba, na dereva mmoja akatoa blanketi la kwenye lori. Mwingine akaanza kumsugua mikono kwa nguvu, Hussam akamzuia. Kisha akafanya jambo ambalo Shimanzi halijapata kuonekana. Akavua shati lake, akaingia chini ya lile blanketi, akamkumbatia yule mzee kifua kwa kifua, kama mama na mtoto wa siku ya kwanza.

Madereva wakapata la kusema.

"Eh, bosi! Mwapendana tangu lini nyinyi?"

"Tangu leo," akajibu Hussam, meno yakimgonga kwa ubaridi wa mwili ule. "Leteni chai. Na sukari itiwe ya kutosha, si ya kuonja."

Kiti aliporudi, alirudi kwa kutetemeka. Kutetemeka kwenyewe si kwa mchezo. Magunia yalikuwa yakisikika. Hussam akasema, "Alhamdulillahi, atetemeka," na Kiti akashangaa ni mtu gani huyu anayemshukuru Mungu kwa taabu ya mwenzake. Akafungua macho. Akaona jua, akaona nyuso, akaona ndevu za Hussam karibu na pua yake. Hakuweza kusema. Nanjala akamwinua kichwa, alipoona anameza vizuri akamnywesha chai kidogo kidogo. Kiti akaionja, akakunja uso.

"Sukari..." akasema. "Hata sukari mwaiba?"

Nanjala akapiga kigelegele. Yadi nzima ikapiga makofi. Dishon akakaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti kama mtoto.

Wakampeleka zahanati upande wa Mbaraki. Huko alikuwapo daktari mwanamke, Beryl, mchangamfu, mwenye viatu vya raba. Alimpima joto, akamtoboa kidole akapima sukari, akampandisha mizani, akasoma, akamtazama tena kama anayetafuta kilo nyingine zilipoachwa.

"Mzee, jana ulikula nini?"

"Mnazi."

"Na juzi?"

"Mnazi, daktari. Kuna watu hata huo hawana, na walioko juu hawajali."

"Na leo ukaongeza chang'aa ili upate joto."

"Na nililipata. Sitasema uongo. Lilikuwa joto zuri kuliko yote."

Beryl akavuta kiti akakaa karibu, hakusimama juu yake kama wale wengine aliowazoea.

"Sikiza nikwambie joto lile lilikuwa nini. Mwili ukiingia baridini unafunga milango. Mishipa ya ngozi inajibana, damu ya moto inabaki ndani, kwenye moyo na ini na ubongo. Pombe inakuja inafungua milango yote. Damu ya moto yakimbilia nje, kwenye ngozi. Wewe wasema, ah, nimepata joto. Ni kweli umelisikia. Umelisikia likikupita mlangoni, laenda zake. Kadiri ulivyoona raha, ndivyo ulivyokuwa ukipoa."

Kiti akakumbuka lile tanuri la mofa. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Haya, hilo nimelisikia. Lakini nilimsikia mtu redioni akisema pombe ina kalori. Kalori si ni moto?"

"Ni kipimo cha moto ulio ndani ya chakula."

"Na pombe inao?"

"Inao. Gramu kwa gramu yaizidi sukari."

"Si hiyo!" Kiti akajipiga goti. "Basi nilikuwa nakula!"

Beryl akacheka hadi akaondoa miwani. "Ngoja, mzee. Ukila wali na samaki, mwili watumia unachotaka, kingine waweka ghalani. Pombe haina ghala. Mwili waiona sumu, waacha kazi zote uichome hiyo kwanza. Ini lililokuwa likutengenezee sukari wakati wa njaa lashughulika nayo, lasahau kazi yake. Na ule moto wake wote, si nimekwambia milango iko wazi? Watoka huko huko. Kwa hivyo wewe uliingia baridini ghala tupu, sukari imeshuka. Mwili ukataka kutetemeka, maana kutetemeka ndiyo mashine yake ya mwisho ya kupata joto, ukakosa cha kuitilia. Ukazima. Wewe ukadhani umepona."

"Na kama ningekawia?"

Daktari alivaa miwani yake, akaandika.

Kiti alipewa ruhusa ya kupumzika. Akakaa chumbani kwake na mawazo. Jambo la kwanza lililompata lilikuwa hasira, maana hiyo ndiyo aliyoizoea: makoti mabovu yangemuua, na mwenye kosa yuko mahali ana kiyoyozi, anaipata baridi kwa kubonyeza kidude na kuizima akichoka. Hasira hiyo ilikuwa ya haki na hadi leo hajaiacha. Lakini chini yake kulikuwa na jambo lingine, na kila akigeuka kitandani lilikuwa linamgusa.

Mapenzi alinyamaza kwenye lile benchi. Alinyamaza, na ukumbi ulikuwa umejaa watu, na wenye makoti meupe walipita, na wenye funguo walipita, na hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza, mbona huyu ametulia? Kiti alikuwa amelibeba jambo hilo mwaka huo na uliofuata kama jiwe kifuani. Na yeye sasa, mkorofi, mwenye mdomo, asiyempa mtu salamu nzuri, alinyamaza kidogo tu, kahawa haijapoa, na mtu akauliza. Mtu aliyekuwa akimtukana kila siku. Akauliza, kisha akavua shati.

Kiti akakaa kitako, akalia. Hakulia msiba, msiba alikuwa ameshaulia. Alilia kwa sababu kuna mtu aliyemsikiliza na yeye hakujua.

Kesho yake akanunua mkaa. Akapika sembe, ikaungua. Akaila.

Aliporudi kazini alikuta kuwasha jiko kumekwisha. Hussam hakumfukuza mtu. Aliweka tangi la chai ya maziwa na tangawizi karibu na mlango wa Ulaya, na sufuria ya maharagwe, na akasema asiyekula haingii. Na Dishon ndiye aliyesimamia ile sufuria, tena kwa ukali kuliko polisi. Makoti mapya nayo yalikuja. Yalikuja na tajiri mwenyewe, na wapiga picha, na hotuba ndefu juu ya usalama. Kiti alipewa koti mbele ya kamera, akaulizwa ana neno gani la shukrani. Akasema mikono ya koti ni mifupi. Ile picha haikutumika.

Lakini kwa Hussam alishindwa kusema neno. Alijaribu. Alisimama mbele ya kile kioo, mdomo wazi, maneno ya asante yakagoma kama gari bovu, na yakatoka yale ya siku zote: choo hakina maji, mlango walia. Hussam akainua kikombe. Na miezi ikaenda hivyo.

Sasa, kule Kaloleni Kiti alikuwa na minazi ya urithi, michache, na miaka yote alikuwa amemwachia mgema. Mnazi ukigemwa hauzai. Kile kichwa cha ua hukatwa, utamu wote wa mti hudondoka kwenye kibuyu, na juu haionekani nazi. Baada ya mambo yale Kiti alipanda basi akaenda kwao, akamwambia mgema ashuke, asipande tena. Mgema akamuuliza kama ameokoka. Akamjibu, "Sijaokoka. Nimeokolewa. Shuka."

Ikauchukua mti muda wake kusahau kisu. Nazi zilipopevuka, Kiti aliziangua, akazifua zote, akazitia kwenye gunia, na Jumapili moja karibu na mchana akaonekana Ndia Kuu na gunia begani, akisimama na kuendelea, hadi mlango wa kina Muhdhar, wenye misumari ya shaba.

"Hodi hodi hapa!"

Aliyefungua alikuwa Yumna, mke wa Hussam, mkononi ana mwiko.

"Karibu, mzee. Starehe. Ndoo ndani."

"Mimi ni Kiti. Wa Shimanzi."

Yumna akamtazama usoni, akaanza kucheka polepole. "Kumbe ndiwe! Mume wangu arudi kila siku atuhadithia ulivyomtukana. Watoto hawali mpaka wajue leo umesema nini. Hussam! Ndoo umwone mgeni wako!"

Hussam akatoka ndani na kikoi na fulana, akasimama. Kiti hakuwahi kumwona bila kile kioo katikati, ila siku ile moja.

"Mzee Kiti. Leo wanifuata mpaka nyumbani?"

"Nimekuletea nazi."

"Nazi za nini?"

"Za kula. Wewe ni bosi gani, hujui nazi ni za nini?"

Wakaketi. Yumna hakuuliza kama atakula, alileta sinia tu: wali, samaki wa kupaka, achari ya ndimu. Kiti alinawa, akala. Alikula kama mtu wa kazi, bila aibu, na Hussam alikuwa akimsogezea minofu upande wake wa sinia bila kusema, kama inavyofanywa kwa mgeni wa heshima. Kisha Kiti akasimamisha mkono.

"Hussam."

"Naam."

"Ahsante."

"Ni wali wa Yumna huo, mwambie mwenyewe."

"Si ya wali." Akatazama chini kwenye sinia. "Ya kuuliza. Ile siku. Uliuliza niko wapi."

Hussam hakutia mzaha. Alitazama pembeni, kule dirishani ambako sauti za Ndia Kuu zilikuwa zikiingia, muuza kashata akipita, watoto wakikimbizana. Akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Nilikuwa nimekuzoea," akasema.

Yumna akarudi na bakuli la mchuzi, akauliza kama mzee ataongezwa wali. Kiti wa Karisa akasogea karibu na sinia, akakunja mkono wa shati vizuri, akasema aongezwe.